Bunduki Yangu Mikononi mwa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Kikosi chetu cha mchezo wa kurushiana risasi za rangi kimebakiwa na nafasi moja kwa mechi ya Jumamosi. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Hamna mjadala! Bunduki yangu ya rangi ni ya betri: kifyatulio laini, mlio mdogo, risasi zinatoka mfululizo. Yake ni ya springi, nzito, inapiga teke kama ina kinyongo na mtu. Shemeji anasema kila mtu na mkono wake. Yeye anapenda kuisikia ikifanya kazi. Upuuzi mtupu. Mke wangu kamuunga mkono, eti ya kaka yake inapendeza. Damu nzito kuliko maji.

Jumanne, 5 Machi

Kapteni, ambaye siku za kazi ni fundi bomba, kachoka na kelele zetu. Katangaza jaribio Alhamisi, nyuma ya gereji yake. Atatundika ndoo ukutani, mwenye shabaha achukue nafasi. Nimepata wazo! Risasi za rangi zikikaa penye unyevu huvimba, na zikivimba hupasukia ndani ya bunduki. Nimezitia kwenye beseni, nikaziweka bafuni, nikafungulia maji ya moto na kufunga mlango. Mke wangu kauliza nani anaoga muda wote huu. Nimemwambia hakuna. Hakuridhika.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu. Nilijitolea kumjazia shemeji risasi. Akanishukuru, akasema siku hizi nimekuwa mtu mwema. Moyo ulinichoma kidogo, ukapoa. Ndipo Kapteni akaamuru tubadilishane, maana ukitaka kuijua bunduki, itenge na mwenyewe. Nikapinga. Nikasema mkono unauma. Wapi! Nikavuta kifyatulio cha shemeji: pwaa! Rangi ya machungwa ikanirudia kidevuni, masikioni, mpaka mdomoni. Chungu!

Kapteni akaisafisha, akatia risasi zake mwenyewe, nikapiga tena. Nikapata geti la jirani. Shemeji, na bunduki yangu, hakuikosa ndoo hata mara moja. Kapteni akakiri mbele ya wote kwamba yangu ndiyo bora. Nimeshinda ubishi! Kisha akasema Jumamosi lazima icheze, na shemeji ndiye atakayeibeba. Ningekataaje mbele ya watu?

Jumamosi, 9 Machi

Tumeshinda. Wameshinda. Shemeji kabebwa juu juu, na bunduki yangu kaishika hewani. Mimi nilipewa taulo la kufutia miwani. Hakuna aliyenitazama ila aliyetaka taulo. Imeniuma, na sioni haya kuandika kwamba imeniuma.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kuwa ni ile springi ya kaka yake iliyoniharibu mkono. Akasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kisha akampigia kaka yake kumpongeza.

Jumapili, 10 Machi

Kuna mechi nyingine wiki ijayo. Shemeji kaja kuazima tena bunduki yangu, kwa adabu zote. Nimempa. Nimemjazia na risasi, hadi juu. Kashukuru sana, kasema Mungu aniongezee. Mke wangu anauliza kwa nini bafu lina mvuke tangu asubuhi. Nafunga mlango wa bafu. Safari hii hakuna kubadilishana! Zipasukie mikononi mwake mbele ya watu wote, ndipo ajue bunduki nzuri ni ipi.