Maoni ya Wasomaji Kuhusu Ng'ombe Wangu wa Angani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mchapishaji anakuja! Bi. Selestina, mwenye kampuni ndogo ya vitabu Arusha, amepiga simu. Jumamosi atapita Karatu kusoma maoni ya wasomaji kuhusu riwaya yangu, *Miaka Mia Tatu hadi Nyotani*. Wakiwa wameipenda, ataichapa. Jalada gumu! Jina Silvanus mgongoni! Si hizi kopi thelathini nilizotoa kwa mashine ya dukani kwangu na kuzibana pini.

Riwaya inahusu watu wa Karatu wanaohamia nyota ya mbali kwa chombo cha angani, pamoja na ng'ombe mia tatu weupe. Nimeisoma mara tisa. Kila mara nashangaa nilivyoweza.

Daftari la maoni liko maktaba ya mtaa, kwa Bi. Germana, mwalimu mstaafu. Kesho naenda kujisomea sifa. Nimepiga pasi shati.

Jumanne, 15 Julai

Maoni yako matatu.

Ya kwanza ya Bi. Germana mwenyewe. Amefika ukurasa wa kumi na moja, akapata usingizi mzuri, anashukuru.

Ya pili ya shemeji yangu Inosenti, dereva wa watalii. Anauliza chombo kinasafirije miaka mia tatu bila tairi la akiba. Nilimfuata stendi nikamweleza kwamba angani hakuna barabara. Akasema hata kushuka kreta na watalii hakuna lami, shemeji, na tairi tunabeba. Madereva wenzake wakacheka. Wivu!

Ya tatu hayana jina. Mke wa nahodha ana mimba ukurasa wa arobaini. Ukurasa wa mia na tisini bado anayo, na katikati imepita miaka sabini. Mkunga yuko wapi?

Siku nne zimebaki. Lazima nipange.

Jumatano, 16 Julai

Mpango wa kwanza: soda. Nimeweka kreti mlangoni mwa maktaba. Soma sura moja, andika maoni, kunywa. Wamekuja watano! Nilirukaruka kama mwanakondoo.

Ukungu ulikuwa umefika dirishani, watu wote na makoti. Wameandika hivi: soda nzuri ila ya baridi mno kwa Julai. Kwa nini hakuna chai? Naunga mkono chai. Chai. Wa tano amechora kikombe.

Kuhusu riwaya, kimya.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa pili. Huu hauwezi kushindwa, kwa sababu hautegemei wasomaji.

Nimemwambia Bi. Germana naomba daftari nilitolee kopi, lisije likapotea. Akanipa. Nimejifungia dukani na kalamu tatu: bluu, nyeusi, kijani. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Maoni kumi na moja!

Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola amelia mara mbili, na anasisitiza kwamba si vitunguu, ni sura ya saba. Fundi pikipiki amekubali injini. Lakini fahari yangu ni mfugaji: "Mimi ni mfugaji wa Olbalbal mwenye ng'ombe mia moja na kumi na wawili. Sijawahi kuona ng'ombe walioandikwa vizuri namna hii."

Namba humfanya mtu aaminike. Nilipomaliza, niliyasoma tena kwa sauti. Msomaji mwelewa namna ile, na hata hayupo!

Ijumaa, 18 Julai

Nimerudisha daftari. Bi. Germana akavaa miwani, akafungua kurasa taratibu. Akasema ajabu, watu kumi na mmoja wamepita mbele ya meza yake na hakuna hata mmoja aliyemwamkia. Nikamwambia wasomaji wazuri ni watu wa haya.

Nina furaha mpaka mashine ya kopi inaniogopa.

Jumamosi, 19 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne, Bi. Selestina amefika. Mama mpole, mkoba mkubwa. Inosenti naye akajileta, eti kusalimia.

Saa nne na nusu, mlangoni ameingia mzee wa Kimaasai, shuka nyekundu, fimbo mkononi, pamoja na mjukuu wake Nailantei, anayesoma sekondari hapa mjini. Wakati wa likizo Nailantei alimsomea babu riwaya yangu yote kwa sauti. Mzee Parmuat amekataa maoni yake yaandikwe. Amesema jambo kama hili mtu huambiwa usoni. Ametoka Olbalbal alfajiri!

Mfugaji wa kweli! Na wa Olbalbal! Nikampa shikamoo mbili.

Bi. Selestina alikuwa amefika kwenye maoni ya mfugaji. Akayasoma kwa sauti, kumfurahisha mzee. Mzee akauliza ni nani huyu anayehesabu ng'ombe wake mbele za watu kama anayewaaga, maana kwao kuhesabu ng'ombe ni mkosi. Pale Olbalbal hakuna mtu wa namna hiyo. Anaitwa nani?

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Olais.

Mzee akasema akina Olais wako wanne, yupi?

Nikasema yule mrefu.

Akasema wote ni warefu.

Kisha Inosenti akauliza kwa upole: shemeji, umelijuaje jina, na hapa hakuandika? Bi. Germana akafungua droo, akatoa rula, akachana kurasa zangu moja baada ya nyingine. Bi. Selestina akafunga mkoba.

Kwaheri, jalada gumu.

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. "Yero," akaniita, kana kwamba mimi kijana wa kuchunga, na nina miaka arobaini na moja. Akataka kujua ng'ombe wangu wa angani wanaitwaje. Nikasema hawana majina. Rangi? Weupe. Wote? Wote. Akatikisa kichwa. Akasema mtu anayeondoka na ng'ombe asiowajua kwa majina, basi amewaiba. Chombo kizima ni cha wezi! Na mwenye ng'ombe yuko nyuma anawafuata. Mbona hukumwandika?

Bi. Selestina akafungua mkoba tena! Akauliza je, mwenyewe atawafikia? Mzee akasema ndicho alichofuata Karatu, kuuliza.

Bi. Selestina amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Nimwandike mwenye ng'ombe, naye ataichapa. Sharti moja: Jumatatu niende Olbalbal, nikakae zizini, mzee anionyeshe ng'ombe wake mmoja mmoja mpaka niwajue.

Nimeokoka! Nimemkumbatia hata Inosenti.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari kanisani. Olbalbal ni vumbi, na mtu wa mpango huanza na mwisho. Kwa hiyo leo nimeshaandika maoni ya toleo jipya. Kumi na mawili! Mfugaji wa ng'ombe simgusi tena. Nimeweka bibi wa Loliondo mwenye mbuzi sitini na wanane. Amecheka, amelia, anaomba kitabu cha pili.

Kesho siendi. Nimempa Nailantei fomu ampelekee babu yake: jina la ng'ombe, rangi, tabia. Chini kabisa nimeweka kisanduku cha jumla ya ng'ombe wote, ili mzee asipate tabu ya kuwahesabu mbele za watu.