Shanga za Kokoo na Kibonye cha Kutoa Rangi

Wadau, leo nimeaibika mbele ya watu ishirini na sita. Nimewahesabu mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta mlango.

Mnajua nasomea sinema. Mwalimu alitaka kila mtu atengeneze filamu fupi kwa staili moja, nami nikachagua film noir. Kwa wasiojua: ni zile sinema za zamani zisizo na rangi, vivuli kila mahali, mpelelezi wa kofia na koti refu, na mwanamke mwenye siri. Mpelelezi nilikuwa mimi. (Koti ni la baba, la kwenda mazishi. Kwa jua la Kitengela, nilipungua kilo.)

Mwanamke mwenye siri akakosekana. Wasichana wa darasa letu walisoma script, ghafla wote wakawa na shughuli. Ndipo rafiki yangu Lemayian, aliyekuwa ashike kamera, akasema nyanya yake wa Kajiado ana uso umejaa siri, twende tumwombe.

Tukaenda. Nikainamisha kichwa vile vijana wa huko husalimia wazee, kokoo (ndivyo nyanya huitwa kwa Kimaa) akanigusa utosini, tukakaa kupatana. Pesa hakutaka. Alitaka mambo matatu: mbuzi wake kumi na wawili waonekane, aimbe kidogo, na shanga zake zionekane vizuri, maana angetunga mpya. Sasa mimi mnanijua, hata kitu cha bure naomba kipunguzwe. Mbuzi nikawakata hadi watatu, halafu mmoja, halafu hakuna. Wimbo nikautoa. Shanga nikakubali. Nilitoka pale nikijiona mjanja sana.

Akatunga wiki tatu. Katikati alimtuma Lemayian aniulize napenda rangi gani. Nikajibu, yoyote. (Hapo ndipo mngenishika mkono.)

Siku ya kurekodi tulifunika madirisha kwa blanketi, tukaweka taa moja nyuma ya mbao za kitanda ili vivuli vimwangukie mistari mistari. Kokoo akatokea na shanga kutoka kidevuni hadi kifuani. Kamera ilikuwa na kibonye cha kutoa rangi. Lemayian akaniambia turekodi na rangi zake, tutazitoa baadaye kwa kompyuta. Nikapiga hesabu: kompyuta siku mbili, kibonye sekunde moja. Nikabonyeza.

Leo saa nane mchana tumeionyesha Kajiado, ukumbi wa kanisa, kwa ile TV kubwa. Kokoo alikuja na marafiki zake watano, wakakaa mbele kabisa. Alikuwa amewaambia wote waangalie shingo.

Dakika ya nne akatokea. Rafiki mmoja akauliza kitu kwa Kimaa. Wa pili akauliza kile kile. Halafu akainuka fundi wa TV, ambaye hakuna aliyemwita, akasema waya wa rangi umelegea. Akachomoa, akachomeka, akapiga TV makofi mawili. Nikamwambia polepole kwamba hiyo ni staili. Sijui hakusikia ama hakuamini. Akaweka DVD ya kwaya kuhakikisha. Kwaya ikatokea na rangi zote, hadi zambarau. Akaugeukia ukumbi.

"TV ni nzima. Shida ni huyu wa koti."

(Ndio, nilikuwa nimelivaa. Na kofia.)

Watu wakacheka. Kicheko ningevumilia. Lakini kokoo hakucheka.

"Kijana, shanga yangu iko wapi?"

"Ndio hizo, kokoo. Hapo shingoni."

"Hiyo ni majivu."

Nikaanza kumweleza mambo ya vivuli, na siri, na vile watu wa zamani walipiga picha. Alinisikiliza hadi mwisho, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Kisha akauliza, kama rangi zimebaki huko ndani, siwezi kuzitoa? Nikamwangalia Lemayian. Lemayian akaangalia dari. Ikabidi niseme ukweli: hazikuingia, kokoo. Nilizifungia nje mimi mwenyewe.

"Wiki tatu," akasema. Hakuniambia mimi. Aliwaambia wenzake.

Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kupatana. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa mbele yake, nikingoja ule mkono utosini nijue tumeachana vizuri. Haukuja. Nikasikia kitu kizito kikipita masikioni, kikatua mabegani. Alikuwa amevua shanga zake, zote, amenivisha.

"Kaa nayo. Angalia mpaka uone."

Akaondoka na wenzake watano, shingo tupu.

Sasa niko cyber hapa Kajiado. Jamaa wa kaunta ameangalia koti la mazishi, akaangalia shanga juu yake, akanipa kompyuta ya pembeni bila kuuliza. Kesho asubuhi nitarudi kwa kokoo na kamera, nimwombe tena, na masharti yake yote: wimbo, mbuzi kumi na wawili, hata wakiwa ishirini. Lemayian anasema nisiweke matumaini.

Mkiniona njiani, tafadhali msicheke. Nyekundu, bluu, kijani, chungwa, manjano, nyeupe. Rangi ni sita. Nimezihesabu mara mbili. Siku ya kurekodi sikuzihesabu hata mara moja.