Folda Isiyofungwa

Jumatatu, tarehe 6
Mkwe kafunga folda zote za karakana. Ukitaka kuona hata ua la kuchonga kwenye jiwe la kaburi, uandike jina na neno la siri. Analo yeye na binti yangu. Mimi niliyeianzisha karakana nina ufagio. Nikauliza. Akasema ni usalama, mzee. Usalama gani? Wafu watatuibia?

Jumanne, tarehe 7
Nimejua sababu. Jiwe la kaburi la mke wangu linachongwa Ijumaa, na wanahofia nitabadilisha maneno. Binti kaandika: Mama mpole, pumzika kwa amani. Mpole nani? Nataka yale aliyonifokea kila asubuhi tangu tuoane: Funga mlango. Nikiyasoma nitamsikia. Sauti yake imeanza kunipotea. Binti akasema baba, acha utoto, watu watatucheka. Akalia kidogo. Nikalia zaidi, makusudi. Wapi.

Jumatano, tarehe 8
Seva yao, kompyuta inayotunza folda, ni kisanduku cha Linux chini ya meza. Mkwe akiandika neno la siri hulitamka, herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa nafagia. Alipokwenda kula, nikakalia kiti chake. Nikaandika neno lake. Kisanduku kikanikubali, folda zikanikataa. Kumbe zina neno lao la siri, mbali. Nikachoka. Kwenye mipangilio ya folda ya Tayari, ambamo mashine huchukua kazi za kuchonga, mstari wa wageni ulisema no. Nikaandika yes, na ruhusa ya kuweka vitu. Sasa anaingia yeyote, haulizwi kitu. Nikaweka faili langu: Funga mlango. Mashine ya kuchonga haina maswali, huchukua lililoingia mwisho.

Alhamisi, tarehe 9
Nikamtambia kinyozi jirani, tunayetumia naye mtandao mmoja. Kwangu hakuna kufuli, nikamwambia. Akauliza, babu, kibao cha duka langu utanichongea bure? Nikasema tupia humo kwa simu yako. Sijawa bahili mimi.

Ijumaa, tarehe 10
Katupia. Baada yangu. Jiwe jeusi, nalo lilikuwa moja tu, likatoka: NYWELE NA NDEVU. INGIA UKETI, MTEJA HANGOJI. Binti hakufoka. Alikaa sakafuni kwenye vumbi, akawa anaipapasa ile N kwa kidole. Mkwe akauliza taratibu, mzee, nani kafungua? Nikasema virusi.

Jumamosi, tarehe 11
Wameligeuza. Mbele mama mpole, nyuma kinyozi. Makaburini watu walisimama mbele. Mimi nilisimama nyuma, nikayaziba maandishi kwa koti. Jiwe zima halina neno lake hata moja. Njiani nilijaribu kuikumbuka sauti yake. Ikaja ya kinyozi.

Jumapili, tarehe 12
Kuna kijiwe cha miguuni pa kaburi lake, kinachongwa kesho. Mkwe kafungia wageni nje, kabadilisha neno la siri. Kaliandika huku akilitamka. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, mimi ndiye niliyeuacha. Kesho akienda kula, naingia. Na kinyozi namfungulia. Maskini, bado hana kibao.