Bukta Mbili, Chumba Kimoja

Jumatatu, 7 Julai

Siku ya furaha! Mke wangu ametoa hukumu. Jumapili ni marathoni ya mji, na mimi na kaka yake tumejiandikisha wote wawili. Atakayemaliza mbele ya mwenzake ndiye mwenye chumba cha mbele. Shemeji akishinda, anaendelea kulala humo, na cherehani yangu inabaki koridoni, pale ambapo kila anayekwenda msalani ananigonga kiwiko. Nikishinda mimi, anahama na chumba kinakuwa karakana yangu. Dirisha kubwa! Mwanga wa asubuhi! Mlango unaofungika!

Shemeji alikuja kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wake wa kumi na moja hapa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mimi nilimpa ufunguo.

Anauza viatu vya michezo mjini na anajiita Upepo. Mimi mtaani naitwa Sindano, kwa sababu ya kazi na pia kwa sababu ya umbo. Nimekimbia kila alfajiri tangu Machi. Nina matumaini makubwa.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kukimbia naye ili nimpeleleze. Kosa. Anapiga hatua ndefu kama mtu anayeruka mitaro. Alinisubiri kwenye kila kona, akijinyoosha viungo na kusalimia wapita njia. Kona ya mwisho nilimkuta ameshamaliza soda. Akaniambia nisijali, umri nao ni mzigo. Nimemzidi miaka miwili tu!

Jioni akajilaza chumba cha mbele, miguu juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Meza yangu! Nusu yake anawekea soksi.

Miguu peke yake haitatosha. Akili inahitajika.

Jumatano, 9 Julai

Akili imekuja nikiwa napiga pasi. Shemeji hana bukta ya maana. Nimejitolea kumshonea, bure kabisa, ya bluu, na yangu ya bluu vilevile, ili watu waone kwamba sisi ni familia moja. Amenikumbatia. Mke wangu ameniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema amefurahi kuona kwamba hatimaye nimekua.

Siri yenyewe ni hii. Bukta yake itashikwa kwa bandi tu. Kwa asiye fundi: bandi ni ule uzi wa muda wa kushikilia vipande kabla cherehani haijapita. Unamvumilia mtu aliyesimama mbele ya kioo, basi. Kwa hatua zile za kuruka mitaro, Upepo atapasuka mapema na kurudi nyumbani kwa vichochoro. Nimecheka peke yangu mpaka pasi ikaunguza kola ya mteja. Nitamwambia ndiyo mtindo.

Ijumaa, 11 Julai

Bukta zote mbili zimekatwa na kupigwa bandi. Mapacha! Yake nimeitundika ukutani pamoja na nguo zilizokwisha. Yangu nimeijaribu mbele ya kioo. Imenikaa ajabu. Nikajigeuza, nikajipongeza. Ndipo wasiwasi ukaniingia: je, shemeji naye akiamua kunihujumu? Watu wengine hawana utu. Nimeifungia kwenye droo, na ufunguo nimeuvaa shingoni.

Nimejishonea pia chupi ya kukimbilia, kwa mabaki ya kitambaa cha mteja mmoja wa mapazia. Nilimwambia kilitosha kwa taabu, hakikubaki hata cha kufutia meza. Maua makubwa mekundu. Lakini ni nani atakayeiona?

Jumamosi, 12 Julai

Mama mkwe amewasili kumshuhudia mwanawe akishinda. Amekuja na kiti chake cha kukunja. Ameniuliza kama na mimi nakimbia au nawabebea maji. Nikatabasamu kwa adabu, nikampokea mkoba.

Shemeji amejaribu bukta yake na kuniita ndugu wa damu. Huruma ilinishika kidogo. Ilipita baada ya chakula.

Jumapili, 13 Julai

Ushindi! Ushindi! Ushindi! Naandika nikiwa chali, miguu ukutani, siwezi kuikunja. Nieleze kwa utaratibu.

Tulianza vizuri. Upepo akatangulia na zile hatua zake. Mimi nyuma, mtulivu, macho kwenye bukta yake, nikisubiri. Kilomita ya tano, hakuna kitu. Ya kumi, bado. Ya kumi na tano, bukta ile ile, imara kama turubai, na mwenyewe anapungua mbele ya macho yangu mpaka akawa nukta ya bluu. Nikaanza kutilia shaka ufundi wangu. Uzi gani huu!

Karibu na nusu ya njia nikasikia: tap.

Fundi yeyote anaujua mlio huo. Nikaangalia huku na huku nione ni nani. Tap, tap. Upepo ukaniingia paja la kulia. Mungu wangu! Bukta yangu! Niliipiga bandi, nikaijaribu, nikaifungia, na cherehani haikuipitia kamwe! Mwezi mzima nashona za watu kwa uaminifu, yangu mwenyewe naisahau.

Nilitaka kuketi kando ya barabara nilie. Kweli kabisa. Kisha nikakiona chumba kile, dirisha lile, na soksi zile juu ya meza yangu. Nikasema hapana, ni kufa na kupona.

Bandi haipasuki kwa mwendo, inapasuka kwa kutanuliwa. Basi nisiitanue! Nikafupisha hatua. Vihatua vidogo vidogo, vya haraka, kama sindano ya cherehani mtu anapoikanyaga kwa hasira. Watoto walinicheka. Lakini jambo la ajabu: pumzi ikatulia, magoti yakaacha kulalamika, nami nikaanza kuwapita watu. Mwanajeshi mmoja! Mapadri wawili! Mzee mwenye kitambi aliyekuwa akinikera tangu mwanzo!

Na kilomita ya thelathini na nane nikamkuta Upepo. Amekaa ukingoni, ameshika paja kwa mikono miwili, msuli umekaza. Hatua ndefu zina bei yake. Aliponiona alinyanyuka na kuchechemea nyuma yangu akiita shemeji, shemeji, tumalize pamoja kama familia. Nilimjibu kwa vihatua.

Mita za mwisho, mshono wa kushoto nao ukaaga dunia. Bukta sasa ni vitambaa viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma, vikipepea. Maua mekundu hadharani! Umati ukalipuka. Katikati ya makelele nikasikia sauti ya mwanamke ikipiga yowe kwamba lile ni pazia lake. Na mbele kabisa, kwenye kiti cha kukunja, mama mkwe! Mbio nilizotimua hapo sijawahi kuzitimua maishani na sitazitimua tena. Nikavuka! Mama mkwe akafunika uso kwa mkono mmoja na kunirushia mtandio wake kwa mwingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sikuficha, na nimezaa chumba!

Nimekuwa wa mia sita na ushee. Shemeji kafika baadaye, bukta yake haina hata uzi ulioning'inia. Mke wangu ameeleza kwamba Ijumaa aliiona ukutani na bandi tupu, akadhani nimechoka, akaipitishia cherehani mara mbili. Angeshona na yangu, lakini droo ilikuwa imefungwa. Aliyasema haya taratibu, akinitazama. Nikamsifu kwa bidii yake.

Jumatatu, 14 Julai

Shemeji amehamia koridoni na godoro lake. Nimekwenda msalani mara nyingi kuliko kawaida. Kiwiko changu kina afya njema.

Cherehani iko dirishani. Nimekaa tu, nikautazama mwanga. Machozi yamenitoka, sioni aibu kusema. Mama mkwe kabla ya kuondoka alinipa mkono na kusema hakujua kwamba naweza. Mimi nilijua siku zote!

Mteja wa mapazia alikuja asubuhi. Nilijifungia. Mlango unafungika vizuri sana.

Jumatano, 16 Julai

Mke wangu ameniambia kwamba hata yeye anakipenda chumba cha mbele. Amependekeza tushindane, yeye na mimi, mbio za Septemba, atakayetangulia achukue chumba. Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Yeye! Kumshinda bingwa! Nimekubali papo hapo mbele ya shemeji, shahidi.

Nikajitolea kumshonea suruali ya kukimbilia, bure. Nina uzi wake maalumu. Amenishukuru sana. Kisha, kwa upole ambao sijauona kwake kwa miaka, akasema basi na yeye atanishonea bukta yangu, nisijisumbue, mabingwa hupumzika.

Hatimaye heshima imeingia nyumba hii. Nimempa vipimo vyangu vyote.