Kitanda cha Kufumia cha Tabitha

Alhamisi, 7 Novemba 1799

Mpenzi Tabitha,

Wiki ya sita tangu tulipokuzika. Ukungu umetanda siku tatu, hata kanisa halionekani. Nimepika uji wa shayiri. Umeungua. Wewe ulikuwa ukiukoroga huku unaimba. Mimi nakoroga kimya, labda ndiyo sababu.

Bwana Haslam, anayetugawia uzi, amepita. Vitanda vyote viwili vya kufumia ni mali yake, unakumbuka. Amesema nisipompa vitambaa vinne Ijumaa ya wiki ijayo, atakihamishia chako kwenye kiwanda chake kule mtoni. Mikono yangu inatoa viwili tu! Nikamwuliza yeye alitajirikaje. Akacheka. Akasema mjinga hufuma, mwenye akili hufumisha.

Nimeiandika hiyo ukutani kwa mkaa.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilikuwa chini namenya viazi, mchana kweupe. Kitanda chako kikaanza kufuma huko juu. Ta-ka, ta-ka, ta-ka, ta-ka, kisha kimya kidogo. Kile kituo chako, kwa ajili ya goti bovu.

Nikapanda ngazi. Hakuna mtu. Kitambaa kimeongezeka shibiri mbili. Nikashika kigoda chako. Kina joto.

Nililia, Tabitha. Nililia vizuri tu. Halafu nikawaza: hali, halali, hadai ujira. Mfanyakazi! Sasa na mimi nafumisha!

Jirani yetu Job Entwistle akaniita dirishani, akauliza nani anafuma kwangu. Nikamwambia nimeajiri. Akasema, ‘Nani huyo anayekubali kula uji wako? Labda awe maiti!’ Nikacheka mno. Job yeye hakucheka. Akafunga dirisha.

Jumatatu, 11 Novemba

Najua, najua. Hakuna mfumaji kijijini anayegusa uzi Jumatatu. Wote wako kilabuni. Wewe ulikuwa unaosha nywele na kuzikausha mbele ya moto. Lakini kiwandani kwa Haslam kengele hulia hata Jumatatu, na nani tajiri?

Nimenunua kengele ya kondoo. Saa kumi na mbili asubuhi nikaipiga kando ya kigoda chako. Kimya. Nikapiga tena. Nikakusomea kanuni nilizotunga: kuchelewa, faini. Kuimba, faini. Kutazama dirishani, faini.

Nilipofika kwenye kuimba, maji ya ndoo yakaganda. Moto ulikuwa unawaka hatua mbili tu kutoka hapo.

Job, huko kwake, akapiga kelele kupitia ukuta, ‘Enoch, wewe! Jumatatu hata punda anapumzika!’ Wivu.

Jumanne, 12 Novemba

Umefumua. Kitambaa chote! Uzi umezungushwa vizuri juu ya kigoda, kama ulivyokuwa ukipenda. Ulimi wa kengele umefungwa kwa uzi, mafundo saba madogo madogo. Nayajua mafundo yako. Ndiyo yaliyo kwenye vifungo vya shati nililovaa.

Nimekaa na shati hilo muda mrefu. Kisha nikaandika kanuni ya nne: kufumua, faini.

Jumatano, 13 Novemba

Job kaja, mikono ya shati keshaikunja. Anasema ulimfundisha mkewe kufuma alipokuwa mgeni hapa, hivyo yeye mwenyewe atakalia kigoda chako hadi Ijumaa, bure kabisa. Akifanya haraka, tutafika vinne.

Mtu mwema. Nikamweleza mpango bora: yeye apitishe uzi tu, asifanye kingine, nami nisimame nyuma nisimamie. Akaniuliza, ‘Usimamie nini, ndugu yangu? Mgongo wangu?’ Nikasema ndivyo mambo yanavyokwenda siku hizi. Akateremsha mikono ya shati, kifungo kwa kifungo, akaenda kwake.

Ijumaa, 15 Novemba

Vitambaa viwili. Watu wa Haslam wamekishusha kitanda chako ngazini, wakakipandisha kwenye mkokoteni. Nilishika mguu wake mmoja hadi kona ya kanisa. Nikaachia.

Walipoingia kwenye ukungu, kikaanza. Ta-ka, ta-ka, ta-ka, ta-ka, kimya kidogo. Wanaume wote wanne wakaruka na kukimbilia mashambani. Farasi hakusimama. Aliendelea peke yake kuelekea mtoni, nami nikasimama nikisikiliza hadi sauti yako ikaingia kwenye sauti ya gurudumu la maji la kiwanda.

Nyumba iko kimya sasa. Nimeshindwa kula.

Lakini nimewaza, Tabitha. Kosa langu lilikuwa kuajiri mke. Mke humjua mtu mno. Marehemu mama yangu naye alikuwa mfumaji hodari, na hakuwahi kukaa bure maishani. Sidhani kama ameanza sasa. Kesho asubuhi naenda makaburini kuzungumza naye. Nitampa kitanda changu, nami nitasimamia.

Na wewe, huko kwa Haslam, katikati ya kelele zote hizo, nikumbuke.