G Laini ya Fulgensi

Sogeeni, enyi wa Kibaoni na wa Mbingu, nanyi mnaoshukia treni Mang'ula; mwenye jembe aliweke chini, mwenye sufuria aiepue, wala asikohoe mtu, kwa kuwa nasimulia vita vya koo vilivyopiganwa hapa Ifakara mwaka ule wa tisini na nne.

Fulgensi, simba wa mafiga, mpishi wa masista, alijifunza Kiholanzi kwa sista mmoja wa Limburg, kusini kabisa mwa Uholanzi. Kilikuwa kidogo: salamu ya asubuhi, na "funga mlango, kuku wanaingia." Lakini alitembea nacho mjini kifua mbele, hata wageni wa Uholanzi walipokuja kuona kisima kipya, akateuliwa mkalimani, akaahidiwa firigisi ya jogoo, ambayo kwetu hapewi mtu wa hivi hivi.

Kassian, muuza samaki, aliitamani firigisi hiyo, akatangaza mbele ya umati: "Kiholanzi chake amekitunga mwenyewe. Leo ataumbuka."

Basi Fulgensi akasonga mbele, akasema, "Goedemorgen," na g zake zikatoka laini, kama mtu anayepuliza chai. Kijana wa Amsterdam akajibu salamu ileile, lakini g zake zilikwaruza koo kwa kishindo hata mama mmoja, akidhani mwiba wa samaki umemkwama, akamkimbilia na tonge la ugali alimeze bila kutafuna. Kijana akalimeza, kwa adabu.

"Mmesikia wenyewe," akanguruma Kassian. "Mwenye lugha anakwaruza, huyu wetu anapuliza. Nileteeni firigisi yangu."

Fulgensi akaanza kurudi nyuma, kidevu kifuani. Ndipo bibi mmoja mzungu akawapenya wenzake, akamshika mikono yote miwili, akamwaga maneno mengi kwa g laini, machozi yakimtoka. Kijana akatueleza kwa Kiswahili chake cha kozi: "Bibi ni wa Limburg. Watu wa kusini wanatamka hivi. Sisi wa kaskazini huwa tunawacheka."

Fulgensi hakuelewa hata neno moja la bibi. Lakini shujaa hatupi silaha: aliinua kidevu, akamjibu kwa upole wote wa kusini kwamba afunge mlango, kuku wanaingia. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Firigisi ikaenda kwa mwenyewe, kisima kikasahauliwa, na mpaka leo sisi huhesabu miaka kabla ya firigisi ile na baada yake. Kassian, akiguguna shingo ya jogoo yule, aliuliza kwa unyonge bibi alisema nini.

"Mambo ya kwetu," akajibu Fulgensi, akitafuna taratibu. "Nyie wa kaskazini hamuwezi kuelewa."