Trauti Kumi na Wawili wa Bwawa la Ainabkoi

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya kuacha kazi nimeipeleka saa mbili kamili. Miaka sita ya kuuza dawa ya kupe kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, yatosha! Kaunta yangu amepewa mfanyakazi mwenzangu Gerishon papo hapo. Alinipungia mkono kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Mpango: watalii wavae mitungi ya hewa, wazame bwawa la Ainabkoi, wawatazame samaki aina ya trauti wakiwa nyumbani kwao. Trauti hupenda maji baridi. Ainabkoi kuna baridi. Hoja imekamilika. Jumamosi kamati ya bwawa inaamua nani alikodishwe. Gerishon naye ameomba, ati avue kwa ndoana wikendi. Nikikosa, narudi agroveti kufanya kazi chini yake.

Jumanne, 4 Machi
Nilimwomba jirani yangu Okumu, fundi cherehani, anifundishe kuogelea. Mjaluo ni mtu wa Ziwa Victoria, nilidhani. Alicheka hadi akaangusha kipimo. Alisema amezaliwa hapa hapa Huruma, ziwa huliona kwenye kalenda. Kisha akauliza mimi Mkalenjin nimeshinda marathoni ngapi. Ngazi za benki hunitoa jasho.

Nimejifundisha mwenyewe kwenye karai. Uso majini, sekunde kumi na nne. Maendeleo!

Jumatano, 5 Machi
Vifaa vya kukodi vimefika kutoka Mombasa: mtungi wa hewa, miwani, vazi la mpira. Wapangaji wote wa ploti yetu walikuja kuona. Mgeni haondoki mikono mitupu, na maziwa ya chai sikuwa nayo. Basi nikawakaribisha hewa. Maximilla wa mlango wa tatu alivuta mara mbili, akasema haina ladha. Okumu alitazama taarifa ya habari yote, kidude cha kupumulia kikiwa mdomoni.

Ijumaa, 7 Machi
Mtungi mtupu! Nimeupeleka kwa mtu wa kujaza magurudumu upepo. Aliuliza ni wa trekta gani, akaniambia nisimpotezee wakati. Nitabana pumzi. Sekunde kumi na tisa sasa. Kamati haitajua.

Jumamosi, 8 Machi
Mimi nilipanga kuzama saa nne. Ng'ombe walipanga kunywa saa tatu. Walipoondoka, bwawa lilikuwa na rangi ya chai. Mwenyekiti, Mama Chepngetich, alisema nizame tu, wameacha viazi shambani kwa ajili yangu.

Nilizama. Giza. Nikashika kitu laini, moyo ukaruka. Kilikuwa mguu wangu.

Nilipoibuka, Gerishon alipaza sauti: "Wangapi, Bwana Samaki?"

Kumi na wawili, nilisema. Kila mmoja mrefu kama mkono wa Mama Mwenyekiti! Makofi. Vigelegele hata. Ndipo Mama Chepngetich akasimama, akasema Mungu ni mwema, na samaki wakiwa wengi hivyo kuwatazama tu ni dhambi. Wavuliwe.

Bwawa amepewa Gerishon. Kura saba kwa bila.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi agroveti. Kituo changu: nyuma, kwenye magunia ya mbolea. Gerishon anataka nimwite Bosi.

Jumatatu, 17 Machi
Gerishon amevua wikendi nzima. Amepata chura. Mama Chepngetich alikuja dukani leo, akaniambia kwa upole: mwanangu, kama hukuona kitu, sema tu. Hakuna atakayekukasirikia. Kama hakuna samaki wa kuvua, kamati itamnyang'anya Gerishon bwawa na kukupa wewe, uzamishe watalii wako utakavyo.

Bwawa lote! Kwa neno moja la ukweli!

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Gerishon akaegemea kaunta, akatabasamu, akasema, "Sema basi, Bwana Samaki."

Mbele ya huyu? Nikamweleza Mama kuwa kweli hawakuwa kumi na wawili. Walikuwa ishirini, nilipunguza kwa unyenyekevu. Wako kwenye kina, wanamtaka mvuvi mvumilivu.

Kamati imekaa jioni hii. Imemwongezea Gerishon mwaka mzima wa kuwavua. Lakini nimehakikisha imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kwa jina langu kamili, kwamba aliyewaona wa kwanza ni mimi.

Gerishon amenuna. Nimemshinda!